Nani Anaikatalia Kruzi? Hotuba kwa Mafundi na Madereva wa Pikapu

Ndugu mafundi, ndugu madereva, na nyinyi vijana mnaojifunza kazi, hamjambo.

Tumekutana kwa jambo moja. Pikapu inakwenda vizuri, gia zinaingia, injini haina neno, ila dereva akibonyeza SET, kitufe cha kushikisha mwendo, kruzi kontroli, yaani mfumo unaoshika mwendo bila mguu kwenye pedali ya mafuta, haishiki. Anabonyeza tena, anazima, anawasha, wapi. Akifika gereji anaambiwa swichi ya usukani imekufa. Inanunuliwa, inafungwa, na kruzi bado imenuna. Halafu inaanza kutajwa kompyuta.

Kabla hamjataja kipuri chochote, naomba tukubaliane hivi: kruzi ni mfumo uliotengenezwa ukatae. Kazi yake ya kwanza si kushika mwendo, ni kuuachia. Kila unapobonyeza SET kompyuta inajiuliza maswali kwa haraka sana. Je, mfumo umewashwa? Mwendo umefika kiwango? Mguu uko kwenye breki? Klachi imekanyagwa? Gia iko mahali pake? Kasi ya magurudumu inasomeka bila kurukaruka? Pedali ya mafuta na throto, yaani kile kilango cha hewa ya injini, zinasema jambo moja? Jibu moja likiwa baya, inakaa kimya. Kwa hiyo fundi hatafuti kitu kilichokufa. Anatafuta ni nani anayesema "hapana", na mara nyingi huyo anayesema hapana ni mzima kabisa, ila amepewa habari za uongo.

Ndivyo ilivyo kwa sababu nzuri. Aliyebuni kifaa hiki, Mmarekani Ralph Teetor, alikuwa mhandisi asiyeona tangu utotoni. Hataza yake ilitoka mwaka 1950, na kampuni ya Chrysler ikakiweka kwenye magari yake ya mwaka 1958. Kuanzia hapo wahandisi wamehangaika zaidi na namna kruzi itakavyoachia kuliko namna itakavyoshika, maana kruzi isiyoshika inaudhi tu, lakini isiyoachia inaua.

Hatua ya kwanza haihitaji hata spana. Washa gari, bonyeza kitufe kikuu cha kruzi, tazama dashibodi.

Kama taa ya kruzi haiwaki kabisa, acha breki, acha sensa za kasi. Umeme haufiki au amri haifiki. Kagua fyuzi, kitufe chenyewe, na ule utepe wa usukani tutakaoufikia baadaye. Kama taa inawaka lakini ukibonyeza SET hakuna kinachobadilika, umeme upo na mfumo uko macho, kuna mtu anaukataza. Hapo mshukiwa wa kwanza ni swichi ya breki. Na kama inashika kisha inaachia baada ya sekunde chache, au inaachia ukipita kwenye matuta, tafuta mawasiliano yanayokatika: swichi iliyolegea, sensa ya kasi inayoruka, au kwenye gari za zamani, paipu ya vakyumu, yaani ya mvuto wa hewa, inayovuja.

Mkinisikiliza hapo tu mkaondoka, mtakuwa mmeokoa nusu ya muda wenu. Fundi asiyemuuliza mteja taa inafanyaje anaanza kazi akiwa amefumba macho.

Kuna la dereva pia, na nalisema bila kumdharau mtu. Pikapu nyingi hazikubali kruzi chini ya kilomita 40 hivi kwa saa, na nyingine zinataka zaidi kidogo. Jaribu ukiwa kati ya 60 na 70, barabara kavu, iliyonyooka, isiyo na magari. Kwenye mifumo mingi kasi hushikwa pale unapoachia kitufe, si pale unapokibonyeza, kwa hiyo anayeking'ang'ania kwa kidole anaungoja ushike wakati wenyewe unamngoja aachie. Halafu angalia kama hujaiacha gari kwenye foo-wili ya gia nzito. Pikapu kadhaa hazishiki kruzi humo, na si ugonjwa.

Sasa swichi ya breki. Hapa nitakaa, maana ndipo kazi nyingi zinapoishia.

Ingiza kichwa chini ya dashibodi, fuata mkono wa pedali ya breki kwenda juu. Utaiona swichi ndogo ya plastiki ambayo pini yake inasukumwa na pedali. Kwenye pikapu nyingi ina nyaya 4, kwa sababu ndani yake mna swichi mbili. Moja ni ya taa za breki: pedali ikiwa juu imekata, ukikanyaga inaunga. Ya pili ni ya kruzi, nayo ni kinyume: pedali ikiwa juu imeunga, ukikanyaga inakata. Zimewekwa mbili ili moja imchunge mwenzake. Zikitoa habari zinazopingana, kompyuta inaandika msimbo wa hitilafu P0504. Saketi ikiwa na hitilafu unaweza kukuta P0571 au P0703.

Ndiyo maana ule usemi wa gereji, "taa za breki zinawaka, kwa hiyo swichi ni nzima," unapoteza muda wa watu. Taa zimethibitisha nusu tu. Nusu inayoihusu kruzi inaweza kuwa imeungua siku nyingi na taa zikawaka kama kawaida.

Pima hivi. Ufunguo kwenye ON, injini imezimwa, mita iko kwenye volti 20 za DC, ncha nyeusi kwenye chuma kisafi cha bodi. Usichomoe soketi, ingiza ncha nyekundu kwa nyuma, pembeni ya waya, ili upime mfumo ukiwa kazini. Waya unaokwenda kwenye taa usome sifuri pedali ikiwa juu, na volti za betri ukikanyaga. Waya wa kruzi unaotoka kwenye swichi usome volti za betri pedali ikiwa juu, na sifuri ukikanyaga. Kuna watengenezaji wanaotuma athi, yaani upande wa hasi uliofungwa kwenye bodi, badala ya chanya, kwa hiyo tazama mchoro wa gari hilo kabla hujatoa hukumu.

Kisha fanya jambo ambalo wengi hawalifanyi. Mita ikiwa bado imeshikwa, inua pedali juu kwa vidole, kwa nguvu kidogo. Kama usomaji ulikuwa mbaya na sasa umekuwa mzuri, swichi haina kosa. Pedali ndiyo hairudi hadi mwisho: springi imechoka, bushi imekauka, au zulia la sakafuni limeisukuma. Milimita 2 zinatosha kuizima kruzi bila dereva kuhisi kitu mguuni.

Angalia na ile nukta ambapo pini ya swichi inagusa mkono wa pedali. Kwenye magari mengi, zikiwemo pikapu za Nissan, pale pana kizibo kidogo cha mpira au plastiki kilichochomekwa kwenye tundu. Miaka ikipita, joto linakikausha, kinavunjika vipande vipande, na pini ya swichi inatumbukia katika tundu tupu. Gari linaamini breki imekanyagwa usiku na mchana. Taa za breki hazizimiki, betri inakwisha gari likiwa limeegeshwa, kruzi haishiki. Kabla ya kupima chochote pitisha mkono kwenye zulia chini ya pedali. Ukiokota vipande vidogo vya plastiki ngumu, vya mviringo, umeshampata mhalifu. Kizibo kipya kinaingia kwa kidole. Boliti na nati iliyowekwa kwa dharura inaweza kufanya kazi, lakini hakikisha kichwa cha boliti ni bapa na kimetulia, maana boliti ikichomoka pini itatumbukia tena na taa za breki zitawaka muda wote.

Kurekebisha swichi ya pini kunafanyika kwa kulegeza nati ya kufungia, kisha unaisogeza swichi mpaka, pedali ikiwa juu kabisa, pini ibaki nje kiasi cha milimita 1 hadi 2. Ukiisukuma mno inaibana pedali, na breki zinaanza kujishika zenyewe. Usifanye hivyo kwa ajili ya kruzi. Swichi nyingine zinajirekebisha zenyewe kwa meno ya ndani: unavuta pini yote nje, unaifunga, unaachia pedali irudi taratibu. Na kwenye pikapu za GM, yaani General Motors, za miaka ya karibuni si swichi tena, ni sensa inayopima pembe ya pedali. Ukiibadilisha bila kuifundisha nafasi ya sifuri kwa mashine ya kupimia, umeongeza tatizo juu ya tatizo.

Swichi ikiwa nzima na kruzi bado inakataa, toka chini ya dashibodi nenda nyuma ya gari. Hapa pana jambo linalowashangaza hata mafundi wazoefu: kwenye pikapu nyingi za zamani kidogo, hasa zilizotoka kabla taa hazijaanza kusimamiwa na kompyuta ya bodi, kruzi inazitumia balbu za breki kama njia ya kwenda athi. Moduli, yaani kikompyuta cha kruzi, inatuma mkondo mdogo sana kwenye waya wa taa za breki. Balbu zikiwepo, mkondo unapita kwenye nyuzi zake hadi kwenye bodi, volti zinabaki karibu na sifuri, na moduli inaelewa kwamba breki haijakanyagwa. Balbu zote zikiungua, au athi ya taa ikioza, waya unaning'inia hewani, volti zinapanda, na moduli inaamini mguu uko kwenye breki.

Sasa fikirini nini kinatokea mwenye gari akitoa balbu za kawaida akaweka za LED. Balbu ya wati 21 ikiwa baridi ina ukinzani wa chini ya ohm 1. LED haina njia hiyo. Taa zinang'aa vizuri kuliko zamani, na kruzi imekufa siku hiyohiyo. Mteja hataunganisha mambo hayo mawili, wewe muulize. Kipimo ni chepesi: zima gari, chomoa soketi ya moduli ya kruzi, pima ohm kati ya waya wa taa za breki na bodi. Ukisoma chini ya ohm 5, njia ipo. Ukisoma maelfu, au mita isiseme kitu, njia hakuna. Dawa ni kurudisha balbu moja ya kawaida, mara nyingi ile ya juu nyuma ya kabini kama imeungwa kwenye waya huohuo, au kuweka rezista, yaani kipande cha kuukinza umeme, ya ohm 6, wati 50, kati ya waya wa breki na athi. Rezista hiyo inatoa joto la wati 25 hadi 30 kila unapokanyaga breki. Ifunge kwenye chuma, mbali na plastiki na mbali na nyaya. Ukiiacha inaning'inia ndani ya kifuniko cha taa, itakiyeyusha.

Kinyume chake nacho kipo: badala ya njia kukosekana, umeme unavuja kuingia kwenye waya wa breki. Dalili yake haisahauliki. Kruzi inashika mchana, na usiku ukiwasha taa inakataa. Balbu ya nyuma ina nyuzi mbili, wati 5 za taa ndogo na wati 21 za breki, na zote mbili zinatumia athi moja kupitia kitako cha balbu. Athi hiyo ikiota kutu, umeme wa taa ndogo unakosa pa kutokea, unarudi nyuma kupitia uzi wa breki na kuingia kwenye waya wa breki. Volti 2 au 3 pale zinatosha kuidanganya moduli. Pikapu zinaumwa ugonjwa huu kuliko magari madogo, kwa kuwa soketi ya trela iko chini ya bampa inaoga tope na maji, na pini zake ziko karibukaribu. Ifungue. Ukikuta unga wa kijani kibichi au mweupe kati ya pini, safisha au badilisha, kisha pima tena waya wa breki taa zikiwa zimewashwa. Pedali ikiwa juu, pasomeke sifuri. Hata nusu volti nisingeiachia ipite.

Kama kuna kidhibiti cha breki za trela kilichofungwa baadaye, kichomoe wakati wa kupima. Waya wake mmoja umeunganishwa na waya wa breki, na aliyekifunga huenda alidonoa waya usio sahihi.

Nitaje na pikapu za Ford za miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, kwa sababu hapa suala si usumbufu tu. Zina swichi ya ziada ya shinikizo iliyofungwa kwenye masta silinda, yaani pampu kuu ya breki, inayokata kruzi ukikanyaga breki kwa nguvu. Ndani yake kuna kiwambo chembamba kinachotenganisha mafuta ya breki na umeme. Kiwambo kikipasuka mafuta yanaingia upande wa umeme, na kwa kuwa swichi ile ilikuwa na umeme muda wote hata ufunguo ukiwa umetolewa, magari yalishika moto yakiwa yameegeshwa. Mwezi Septemba 2005 Ford waliyaita kwa matengenezo magari milioni 3.8 hivi, zikiwemo F-150, na hadi Oktoba 2009 jumla ilikuwa imefika karibu milioni 14. Tiba ilikuwa waya wa kuongezea wenye fyuzi ndani yake. Kwa hiyo ukikuta F-150 ya umri huo kruzi imekufa, tazama masta silinda kwanza. Chomoa soketi ya swichi. Ikiwa ndani ina unyevu wa mafuta au rangi ya kahawia, swichi inavuja. Ukikuta fyuzi ya waya ule imeungua, usiweke nyingine ukaenda zako: imeungua kwa sababu. Swichi ibadilishwe, na gari lisiegeshwe karibu na nyumba kabla ya hapo.

Klachi na gia sitazikalia. Gari la mkono lina swichi kwenye pedali ya klachi, inapimwa vilevile, na msimbo wake ni P0704. Gari la otomatiki lina sensa ya nafasi ya gia. Ikiwa dashibodi haionyeshi D wakati mkono uko kwenye D, anzia hapo. Ila niseme hili kwa ukali. Wako wanaounga swichi ya klachi kwa kipande cha waya ili kruzi ishike. Siku dereva atakapokanyaga klachi kruzi ikiwa imeshika, injini itanguruma hadi ukomo. Usimfanyie mteja hivyo hata akikuomba.

Twende kwenye usukani. Vitufe vya kruzi viko juu ya kitu kinachozunguka, na nyaya zake haziwezi kuzunguka zikakatika, kwa hiyo zinapita kwenye utepe mwembamba uliojikunja ndani ya kikasha kama ganda la konokono. Utepe huohuo unabeba honi na mfuko wa hewa. Ndiyo maana kruzi ikifa pamoja na honi, au vitufe vya redio, au taa ya mfuko wa hewa ikawaka, usihangaike na kila kimoja peke yake. Ni utepe. Kama honi na vitufe vingine vyote vinafanya kazi, utepe hauna hatia kubwa. Rudi kwenye kitufe.

Vitufe vyenyewe mara nyingi vinatumia waya mmoja wenye rezista tofauti kwa kila kitufe, na kompyuta inakitambua kitufe kwa ohm zake. Kwenye Toyota nyingi, ukipima kwenye swichi yenyewe unapata ohm 240 hivi kwa kurudisha mwendo, 630 hivi kwa SET, 1,540 hivi kwa kufuta, na usipobonyeza kitu mita inaonyesha ohm 10,000 na zaidi. Kwenye Ford nyingi za zamani SET ni 680 hivi, kupunguza mwendo ni 120, na kurudisha ni 2,200. Namba zikitofautiana kidogo si neno. Zikipaa juu au zikirukaruka ukitikisa kitufe, ndani mna uchafu, na soda iliyomwagika usukanini ndiyo sababu ya kawaida. Kitufe cha kufuta kilichonata ni kibaya zaidi, kwani gari linafuta kruzi kila sekunde na dereva haoni.

Kabla hujafungua usukani tenganisha hasi ya betri na ungoje. Toyota wanataka si chini ya sekunde 90. Wengine wanataka dakika kadhaa. Fuata kitabu cha gari, na ukikosa kitabu ngoja dakika 10. Soketi za mfuko wa hewa, zile za njano, usiziguse na mita hata siku moja, maana umeme mdogo wa mita unaweza kuufyatua. Utepe mpya uwekwe katikati: magurudumu yamenyooka, uzungushe taratibu hadi upande mmoja ugome, kisha rudi mizunguko 2 na nusu hivi hadi alama zikutane. Asiyeuweka katikati atarudi wiki inayofuata, utepe ukiwa umekatika gari lilipokata kona kali.

Kasi. Mshale wa dashibodi ukitetemeka au ukilala sifuri gari likitembea, umeshapata jibu, na msimbo utakuwa P0500 au jirani zake. Sensa za sumaku zinakusanya vumbi la chuma kwenye ncha. Itoe, ifute, angalia kama meno ya pete yake hayajavunjika wala kuvimba kwa kutu. Kwenye magari yanayosoma kasi kutoka ABS, ule mfumo unaozuia magurudumu kujifunga ukikanyaga breki, taa ya ABS ikiwaka shughulika nayo kwanza. Matairi makubwa au difu iliyobadilishwa uwiano yanaifanya kasi isomeke vibaya, lakini kwa kawaida hayazuii kruzi kushika. Mara nyingi husingiziwa tu. Tairi zikiwa na ukubwa tofauti mbele na nyuma ni jambo jingine: kompyuta inadhani gurudumu linateleza, nayo inakata.

Kwa pikapu za zamani zenye kebo, fungua boneti uone kebo ya pili kwenye throto. Kama imechomoka kwenye ndoano au imelegea kupita sentimita 1, kruzi inavuta hewa tu. Mfumo ukiwa wa vakyumu, vuta kwa pampu ya mkono kwenye servo, ile kopo ya vakyumu inayoivuta kebo: mkono wake uende na ubaki hapohapo dakika 1 bila kurudi. Ukirudi, kiwambo kimetoboka. Kagua pia vali ya mpira iliyo juu ya pedali ya breki, ile inayomwaga vakyumu ukikanyaga. Isipofunga vizuri pedali ikiwa juu, servo haitajaa kamwe. Paipu zenyewe zipinde kwa vidole, hasa kwenye maungio. Mpira uliokauka unapasuka pale ambapo jicho halifiki.

Pikapu za kisasa hazina kebo wala servo. Kompyuta ya injini inaendesha throto yenyewe, na kruzi ni programu ndani yake. Kwa hiyo hakuna cha kuvuta wala kusukuma, kuna cha kusoma. Unganisha mashine, soma misimbo yote, si ya injini peke yake. P2135 na P2138 zinasema sensa za throto au za pedali ya mafuta hazipatani, na hapo kruzi inazimwa kwa makusudi. Magari mengi yanaizima hata kwa msimbo mwingine wa injini usiohusiana kabisa. Baada ya misimbo fungua data za papo hapo: breki 1, breki 2, klachi, SET, kufuta, kasi. Bonyeza kimoja kimoja uone kipi hakibadiliki. GM wameweka hata orodha ya sababu za mwisho za kruzi kuachia. Isome, itakutajia jina la mhalifu. Kazi hii ifanyike gari likiwa limesimama, na ikibidi barabarani, mmoja aendeshe, mwingine asome. Kulijaribu gari kwenye jeki magurudumu yakizunguka hewani ni hatari, na ABS itaandika misimbo ya uongo juu yake.

Zile zenye rada, zinazofuata gari la mbele, zina sababu zao. Tope kwenye grili, bampa ya chuma iliyofungwa mbele ya rada, kioo cha mbele kilichobadilishwa bila kamera kupangwa upya. Na kuna moja ya pikapu hasa, nayo ni mzigo. Chukua pikapu yenye mita 3.1 kati ya ekseli. Nyuma ikishuka sentimita 5 kuliko mbele, pua inainuka karibu digrii 1, na digrii 1 kwa umbali wa mita 100 ni mita 1.75 juu. Rada inalitazama paa la gari la mbele, au anga. Dereva akisema kruzi inakataa akibeba mzigo na inakubali akirudi mtupu, angalia springi za nyuma kabla ya kugusa rada.

Ukishatengeneza, usimkabidhi mteja ufunguo kwa sababu tu imeshika. Ipeleke kwenye 70, ishike, gusa breki kidogo sana: iachie papo hapo. Ishike tena, ifute kwa kitufe. Ishike tena, na kama ni ya mkono, kanyaga klachi huku mguu mwingine ukiwa tayari. Ishike mara ya mwisho, zima kitufe kikuu. Njia yoyote kati ya hizo ikichelewa hata sekunde moja, toa fyuzi ya kruzi kama ina fyuzi yake peke yake, au chomoa soketi ya vitufe, andika kwenye karatasi ya kazi kwamba umeitoa, na gari lirudi juu ya shimo.

Sasa tuchukue maswali. Mwenye pikapu inayokataa usiku tu, aanze yeye.